Wimbo Unaingia kwa Meno

Jumanne, 6 Februari 1973
Namba arobaini na moja! Redio imetangaza adhuhuri, mke wangu Beryl akinibandikia nyota za fedha kwenye buti za jukwaani. Singo ya kwanza ya bendi yetu haikuingia kwenye chati ya nyimbo zinazouzwa zaidi hata kupitia dirishani. Ya pili ilifika arobaini na nane, ikakaa wiki moja, ikatoka bila kuaga. Na sasa hii, "Mwezi Umevaa Buti" — wiki ya kwanza tu! Beryl kanirukia shingoni na gundi mkononi. Ila redio ilikuwa mbali, kama inaimbia nyumba ya jirani. Nikamwomba aongeze sauti. Akasema imefika mwisho.

Ijumaa, 9 Februari
Mazoezi, ukumbi wa kanisa, mjini Dudley. Kwenye mabango mwimbaji wetu ni Lance Lumiere. Mimi nimesoma naye, kwangu ni Len tu. Nimechelewa kuingia kwenye kiitikio mara tatu. Len: "Nev, umejipaka unga wa kumetameta mpaka masikioni?" Wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.
Nimegundua jambo. Nikiuma ubao wa gitaa, wimbo unaingia kwa meno. Mzima! Mtamu, kama unaimbwa chini ya maji.

Jumanne, 13 Februari
Ishirini na mbili. Mwuza maziwa anaupiga mluzi mtaani. Beryl ndiye kaniambia.

Jumatatu, 19 Februari
Birmingham, kwa daktari wa masikio. Kaweka chuma kinachotetema kwenye mfupa nyuma ya sikio — nasikia vizuri. Kakihamishia mbele ya sikio — kimya. Kuna kifupa kidogo mle ndani kinaganda, anasema. Kushoto kumekwisha, kulia kunafuata. Anaweza kunipasua. Ikifaulu, nitasikia, ikiharibika, sikio hilo basi tena. Kisha miezi mitatu bila makelele. Nafasi ipo tarehe 12 Machi.
"Unafanya kazi gani, kijana?"
Nikasema napaka rangi nyumba. Sijui kwa nini.
Tarehe 12 Machi tunaanza ziara ya Ujerumani. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 20 Februari
Tisa!! Televisheni wametuita!

Jumatano, 21 Februari
London, studio. Kumbe kule hakuna anayepiga kweli: santuri inazunguka, nyinyi mnaigiza. Gitaa langu halikuunganishwa na kitu. Taa za zambarau, moshi wa kutengenezwa, wasichana wenye nyota mashavuni, midomo yao ikiimba maneno niliyoyaandika kitandani nikiwa na homa. Nilielea. Kwa dakika tatu, bendi nzima ilikuwa kama mimi. Sikumbuki furaha kama ile. Mwishoni Len kaniegemea begani, kasema kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Kumbe lilikuwa swali.

Jumanne, 27 Februari
Tatu. Beryl kaniandikia kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha.
"Mbona unaandika?"
Akanigeuza uso, akasema polepole, "Kwa sababu nimekuita mara nne."
Basi nikamwambia yote. Hakulia. Alinishika masikio yote mawili, kama mtu anayekinga mshumaa na upepo.

Jumamosi, 3 Machi
Nimemwambia Len, kwenye baa, mchana, pai zikipoa mbele yetu. Nilijua atafoka. Akasukuma sahani yake kando. Halafu:
"Kwa hiyo matusi yangu ya mwaka mzima hukuyasikia?"
"Nimesikia nusu."
"Hasara gani hiyo!"
Akanisogelea nimwone mdomo. Twende Ujerumani kwanza, anasema. Majukwaa ni ya mbao. Atanikanyagia mapigo, niyapokee kwa miguu. Nikirudi, nipasuliwe.
Beryl anasema nafasi nyingine ni mwakani, na sikio la kulia halimngoji mtu.
Nikibaki, watatafuta mpiga gitaa mwingine. Len hakulitamka hilo. Hakuwa na haja.

Jumanne, 6 Machi
Naandika hapa hapa mezani, jikoni, adhuhuri. Hospitali wanataka jibu kabla ya saa tisa. Beryl kashavaa koti; kibanda cha simu kiko pembeni mwa barabara. Len, aliyekuja kusikiliza chati nasi, kaipakata redio kama mtoto mchanga. Wote wawili wamefumba macho. Mvua inanyesha dirishani, nzuri, bila sauti yoyote.
Len kafumbua macho. Kapiga magoti sakafuni! Mdomo wazi, redio bado kifuani. Beryl anatokwa machozi — ya namna gani, sijui.
"Ya ngapi?" nimeuliza. Au nadhani nimeuliza.
Beryl ananinyooshea kidole kimoja. Ni namba moja, au ananiambia ningoje? Mkono wake mwingine uko kwenye kitasa cha mlango, na midomo yake inauliza, polepole, niisome vizuri: Niwaambie nini?
Len naye ananitazama. Ameanza kugonga sakafu kwa kisigino, taratibu, na mapigo yananipanda miguuni —