Mama Alingoja Kusalimiwa

Makorora,
Tanga.
14 Juni 1956

Mpendwa kaka Ernesti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba joto la Dar es Salaam halijakukondesha. Hapa asubuhi hizi kuna ubaridi mtamu, na umande hukaa juu ya makuti mpaka jua lipande. Mimi, Fanueli na watoto hatujambo. Aliyenikalisha kuandika ni mama.

Usishtuke, yu hai. Yuko hapa uani kwangu anachambua mchicha.

Alishuka kutoka milimani Amani kuja kututazama, na siku ya pili tumbo likamkamata ghafla, akajikunja sakafuni. Fanueli aliazima rikwama ya Mohamedhussein muuza unga, tukamsukuma mpaka hospitali. Mlangoni tukaambiwa jamaa wabaki nje. Nikabaki nimeshika kanga yake tu.

Ya ndani ametusimulia mwenyewe. Alilazwa mkekani barazani pamoja na wagonjwa wengine. Akaja dresa mmoja, kijana mfunga vidonda, hata kuinama hakuinama, akamwuliza, "Wewe unaumwa wapi?" Mama kimya. Unamjua mama yetu, kaka. Kwake yeye mtu hataji shida kabla ya kusalimiwa, sembuse na kijana wa kumzaa. Alikuwa anangoja shikamoo yake. Yule kijana akasema, "Huyu hana neno," akairuka miguu yake akaenda zake.

Wakapita wengine, na wengine tena.

Anasema maumivu yakaanza kwenda mbali. Ukungu wa Amani ukaingia barazani polepole, ukafunika kuta, akasikia maji yakidondoka majanini kama kule nyuma ya nyumba yetu. Watu wenye nguo nyeupe wakawa wanapita ndani ya ukungu bila kishindo, wala hawamtazami. Akawaza, kumbe nimekwisha kufa, maana walio hai husalimiana. Hakuogopa. Alisikitika tu kwamba hakutuaga.

Kisha akasikia sauti karibu na sikio lake: "Shikamoo mama. Waonaje hali?" Alikuwa mwanamke wa Kigombe aitwaye Kijakazi, mgonjwa mwenzake, aliyeungua mkono kwa mafuta ya kukaangia samaki. Mama akaitika, "Marahaba mwanangu. Kumbe sijafa! Tumbo langu linapasuka." Kijakazi akapiga ukelele mpaka daktari mwenyewe akatoka. Utumbo ulikuwa umejisokota, wakampasua saa ile ile.

Sasa kaka, kidonda kimeanza kutoa usaha upande mmoja. Daktari alionya kwamba akiona hivyo arudi upesi. Mama hataki. Anasema kama ni kufa, atafia mahali anaposalimiwa. Nimelia mbele yake, Fanueli amebembeleza, mchungaji Asheri amekuja kuomba naye, na bado kichwa chake ni kile kile. Ninaogopa sana.

Leo nilimkumbusha kwamba hata wewe unajifunza udresa, na zile suruali nyeupe ulizopigia picha ukajiona bwana mkubwa. Akaiomba ile picha, akaitazama.

Dada Beatrisi anakusalimu, na mchungaji Asheri pia. Rehmatbai wa dukani anauliza utaoa lini.

Mama naye anakusalimu sana, na ameniagiza niandike swali lake kama alivyolisema: "Mwanangu, mgonjwa akiletwa kwako, wewe humsalimia?" Atapanda rikwama kurudi hospitali siku nitakapomsomea kwamba ndiyo. Kama huwasalimii, kaka, usimdanganye, maana atajua. Wasalimie wagonjwa wa kesho asubuhi, kisha ndipo umwandikie. Ila ufanye haraka, kidonda hakitatungoja.

Mungu aitie mikono yako upole.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Yudith