Siku Baba Alipopanda Mlima Hadi Mamba Kunichukua

Mjukuu wangu Nakijwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Babu yako anakohoa kidogo tu, na tangawizi imestawi. Umeniuliza kama mimi ni Mmasai au Mpare, maana wenzako chuoni wanakubishia kuhusu kabila lako.

Nilizaliwa kwa wafugaji, huko tambarare. Ulipokuja ukame, baba alinileta hapa kijijini Mamba, kwenye milima ya Upare, kwa rafiki yake Mpare, nikalelewa na mkewe, Mama Elinami. Nilipokuwa msichana mkubwa, baba alipanda mlima kunichukua. Alinisalimu Kimasai. Nilimwelewa, lakini nikamjibu Kipare bila kukusudia. Mama Elinami aliinama akaendelea kumenya ndizi, machozi yakimdondoka.

“Wewe sasa ni wa nani?” baba aliuliza.

“Ni binti yako, baba. Lakini kwetu ni hapa.”

Nikainamisha kichwa mbele yake, kama watoto wa Kimasai wanavyowaamkia wakubwa. Aliweka mkono wake utosini mwangu, akauacha hapo kwa muda mrefu.

“Basi kaa,” akasema. “Ila usimwambie mtu kwamba nilikutupa.”

Sijawahi kusema hivyo, mjukuu wangu. Huwa nasema mimi ni Mpare niliyebarikiwa na baba Mmasai. Jibu la kwako utalisema mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, hapa kijijini Mamba.