Suti ya Nishiwaki

Jumatatu, 24 Septemba
Bwana Tamaru wa ofisini kapiga simu. Klabu yetu ya besiboli, Korongo, inatimiza miaka sitini, wanatengeneza kitabu. Anataka majina ya wachezaji wote niliowapikia kwenye bweni hili. Miaka thelathini na moja hiyo! Kasema andika tu, Mama. Halafu akaongeza – waliocheza timu kubwa, hata mechi moja. Wengine waache.

Jumatano, 26 Septemba
Nimelitoa bati la biskuti. Vibao vya majina vya waliohama vyote vimo humo, mia moja arobaini na viwili. Ushijima, mrushaji wa ule mwaka wa ubingwa – wetu wa pekee – alikuwa hali uyoga. Hirose, mpigaji, kavunja dirisha la jikoni mara mbili. Waliofika timu kubwa ni hamsini na tisa. Waliobaki nimewarudisha batini. Ndiyo kazi, sina neno.

Nishiwaki wa chumba namba saba kaja kuchungulia, ndizi mdomoni. Mrushaji. Mwaka wa sita yuko timu ndogo, kiwiko kimepasuliwa. Eti nimwachie nafasi kabisa. Nikamwambia kitabu si basi, hakuna kushikiana siti. Akacheka.

Ijumaa, 28 Septemba
Kocha kamsifu Nishiwaki. Mechi ya mwisho ya timu kubwa ni Jumanne, ugenini, na warushaji wawili wameumia. Anaitaka mechi hiyo moja tu. Hana habari nyingine, mpaka nimechoka.

Jumapili, 30 Septemba
Mvua. Kesho Oktoba – wiki ya simu. Anayeachwa na klabu huambiwa aje ofisini na suti, basi. Anayepandishwa naye suti, maana timu kubwa husafiri na suti. Kila mmoja anayo moja tu, ile aliyosajiliwa nayo. Wa kupiga pasi ni mimi.

Jumatatu, 1 Oktoba
Simu ya Nishiwaki imelia jioni, katikati ya chakula. Kasimama wima. Ndiyo. Ndiyo. Asante sana. Kainama mpaka paji la uso likagonga chupa ya sosi. Kesho saa nne, ofisini, na suti.

"Mama, nimepandishwa!"

Wadogo wakapiga makofi. Wakubwa wakainamia bakuli zao. Nishiwaki anasema eti timu itatokea ofisini kwenda stesheni. Kampigia mama yake, na kilio cha yule mama nimekisikia kutoka jikoni. Kisha kaniletea suti. Nikaosha vyombo.

Jumanne, 2 Oktoba
Pasi tangu alfajiri. Suruali nimeirudia mara tatu, haikuhitaji. Koti linambana mabegani, alisajiliwa ana miaka kumi na minane.

Ratiba ya timu kubwa iko kwenye jokofu, nimeibandika mwenyewe. Treni yao inaondoka saa tatu. Yeye kaambiwa saa nne, treni ikiwa imeshakwenda.

Sasa ni saa mbili na nusu. Glavu kaifunga kwenye kitambaa safi. Ananiuliza kama jina lake nimeshaliandika. Nimesema kunywa supu kwanza, mwanangu. Miaka yote hii nimewaita kwa majina ya ukoo, sijui hilo limenitoka wapi. Naumia.

Amekaa akiipa mgongo ratiba. Anaomba supu nyingine, na bakuli la akiba liko juu ya jokofu. Kasema usihangaike, Mama, nachukua mwenyewe. Anasogeza kiti, anageuka kuelekea ratiba.