Meza Haipotei kwa Kufutwa

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Mimi mzima, ila magoti ndiyo yamenigomea. Simu zangu hupokei tangu tulipomzika baba yako bila wewe, kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Kompyuta ya baba yako haifunguki upande wake. Neno lake la siri inalikubali, inazunguka weee, kisha inasema wasifu wa mtumiaji haukupatikana, inanirudisha mlangoni. Wasifu gani tena, na tuliusoma makaburini kila mtu akasikia?

Silii kwa ajili ya kompyuta. Wiki mbili kabla hajafa alijirekodi humo, sauti yake mwenyewe, dakika arobaini. Akaniambia, "Hii ni ya mwanangu peke yake." Sijaisikiliza, si yangu. Kama anakuomba msamaha au anakugombeza, sijui. Niambie nifanyeje. Fundi wa mtaa wetu simwamini, ndiye aliyeimaliza redio.

Mama yako

19 Juni

Mama,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi nipo, kazi ya bohari inanila mgongo. Nisamehe kuchelewa.

Hilo tatizo ni dogo. Ingia kwa akaunti yako, ile unayochezea karata. Nenda kwenye mipangilio, kisha akaunti, ufungue akaunti mpya. Ile ya baba ndiyo mbovu, ifute. Ikikuuliza kama una hakika, sema ndiyo.

Hayo maneno ya mzee nitaona. Alinisema vya kutosha akiwa hai.

Mwanao

24 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Nimekumbuka nikiwa kazini, boksi mkononi, nikalitua nije kukuandikia. Kabla ya kufuta ni lazima kwanza uhamishe vitu vyake vyote. Usifute chochote, mama. Hata kuiwasha usiiwashe. Naomba ruhusa kazini nije mwenyewe.

Nataka kumsikia. Hata kama ni kunigombeza dakika zote arobaini, nitakaa nimsikilize.

Mwanao

12 Julai

Mwanangu,

Salamu. Sijui nikuulize hali ipi.

Barua yako ya pili imefika leo. Ya kwanza niliipata wiki iliyopita, na siku hiyohiyo nikatii.

Unajua nimefuta kompyuta za ofisi za watu miaka ishirini na mbili. Kwangu kufuta ni kitambaa chenye unyevunyevu, na kitu kinabaki palepale, kimetakata. Meza haipotei kwa kufutwa. Uliposema ya baba yako ni mbovu, niifute, nikaona kumbe ni uchafu tu unaoizuia. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, tena kwa furaha, nikijua sasa tunaingia.

Ile akaunti mpya ikafunguka vizuri kabisa. Ndani hamna kitu.

Niliipeleka kwa fundi, huyohuyo wa redio, sikuwa na mwingine. Amekaa nayo siku tatu. Amepata picha moja ya paa letu lililovuja na orodha ya dawa. Sauti hakuipata. Alikuwa ananieleza huku anaangalia bisibisi yake, basi nikajua.

Usijilaumu. Wewe uliandika kwa haraka, mimi nikasoma kwa haraka, na haraka haraka haina baraka. Lakini naumia, mwanangu, sitakudanganya. Alinikabidhi kitu kimoja tu nikutunzie.

Nilichonacho ni hiki. Siku aliyojirekodi nilikuwa nje ya mlango wake na ndoo yangu. Alianza mara nne. Kila mara alisema, "Mwanangu," akanyamaza, akaanza upya. Mara ya tano akaendelea. Nami hapo nikabeba ndoo nikaondoka, kwa sababu si adabu kusikiliza ya watu.

Laiti siku ile ningekosa adabu.

Njoo tu. Cha kusikiliza hakuna, lakini njoo.

Mama yako