Simu Inayosikiliza Mashine ya Baba

Jumatatu, 2 Juni
Mambo, daftari langu, mshikaji wangu wa mistari. Nimefagia pumba, nimefunga mkanda, mashine inasaga, foleni ndefu. Dada mmoja kamwamkia Baba shikamoo. Baba kajibu, "Debe mbili." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Zamani Baba akiinamisha kichwa tu kuisikiliza mashine, anasema beringi inakufa. Siku tatu, kweli inakufa. Mwezi uliopita moja ilipasuka kwa kishindo akiwa amesimama pembeni yake. Hasikii vizuri tena. Hajamwambia mtu.

Mama kasema ikipasuka nyingine, mashine inauzwa. Mnunuzi wa Tunduru ameshakuja kuiangalia.

Jumatano, 4 Juni
Nina wazo, hata kula siwezi. Akili mnemba. Simu yangu ya zamani nimeitundika ukutani, nimeifundisha sauti ya mashine ikiwa nzima. Ikisikia sauti ngeni, inabipu kitochi cha Baba, kisimu chake cha vitufe, kinatetemeka mfukoni. Nimejifunza kwa video tu. Baba nimemwambia ni kwa sababu ya kelele. Kakubali haraka sana.

Jumamosi, 7 Juni
Aibu. Kitochi kimetetemeka asubuhi nzima. Baba kazima mashine mara nne, beringi nzima. Foleni imenuna. Mama Upendo, jirani yetu, kaniuliza, "Fundi, simu yako inaogopa makopa?"

Kweli. Alikuwa anasaga makopa ya muhogo, na mimi nilirekodi mahindi makavu peke yake. Nimezaliwa mashineni, nimesahau muhogo. Mjinga mimi. Mnunuzi anarudi Alhamisi.

Jumanne, 10 Juni
Nimerekodi vyote. Mahindi makavu, yenye unyevu, ulezi, makopa. Mama Upendo kaleta makopa tena kunijaribu. Kitochi kimya. Nikamkabidhi unga wake.

Alhamisi, 12 Juni
IMESIKIA. Mahindi ya kawaida, saa saba mchana. Mkono wa Baba ukaenda mfukoni. Kazima. Watu wakaguna. Tukafungua: beringi ina ufa. Baba kaiinua juu, foleni nzima ikaiona.

"Basi fundi, nimekoma," Mama Upendo kasema.

Tumeweka mpya, saa tisa tunasaga. Mnunuzi kaikuta mashine inaimba. Mama kamwambia haiuzwi. Nimeruka nikagonga kichwa kwenye bati. Hakiumi.

Jumapili, 15 Juni
Tumetoka misa ya kwanza. Mashine imepumzika. Baba kakaa barazani, kitochi gotini. Kaniuliza kama naweza kukifanya kitetemeke mtu akimwamkia. Halafu kasema anatania.

Mshikaji, ungekuwa wewe, ungemwambia unajua siri yake?