Kisanduku cha Katikati

Garland, Texas
Jumatano, katikati ya mwezi wa tano

Mdogo wangu Clothilde, mtoto wa mama yangu,

Kabla ya yote niambie habari za goti lako la kushoto. Ile dawa ya kupaka inasaidia, au bado unashuka ngazi kama mbuzi aliyefungwa mguu? Na wazee wako pale kazini, wanakula? Houston imeshaanza mvua yake ya kujaza barabara? Sisi huku tupo, Mungu ametushika. Zoé amepoteza jino la pili, Shalom anakula kama mtu anayejenga nyumba. Nikiwasalimu wajukuu hawa kwa Kiswahili wananijibu Kiingereza, nami nawaonyesha mwiko, basi tunaelewana.

Kama siku zote, maneno ni yangu na mkono ni wa binti yangu Rosette. Amerudi kutoka ghalani, ameoga, amekaa hapa mezani. Nimemwambia leo aandike kila neno nitakalosema, asinipambie. Maana nikisema mchungaji alihubiri mpaka wali wa watu ukaungua majumbani, yeye anaandika kwamba ibada ilikuwa njema. Anacheka. Cheka, mama, lakini andika.

Uliniuliza kwa simu ile sheria ya wauguzi imefika wapi, nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Sina raha, Clothilde. Nadeki sakafu niliyoideki asubuhi. Nasimama, naenda dirishani, naangalia magari kama mtu anayengoja mgeni, narudi, nimeshasahau nilikuwa napika nini. Kalenda tuliyopewa na duka la Wameksiko naikata kila siku kwa kalamu ya Zoé, kwa sababu bunge la Texas lina siku mia moja na arobaini tu, kisha linafungwa, na halifunguliwi tena mpaka mwaka wa pili baada yake. Isipokuwa gavana awaite, na akiwaita ni kwa mambo yake, si kwa mambo ya Rosette. Zimebaki siku kumi na tisa.

Uliwahi kuniambia unafikiri bunge hili ni kama la kwetu Bukavu. Si kama lile. Kule mkoa una nyumba moja, madepite wanakaa pamoja, wanagombana pamoja, wanakwenda kwao. Hapa kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile kubwa la Washington, na hili la Texas limekatwa vipande viwili. Kimoja kina watu mia moja na hamsini, kingine thelathini na mmoja. Wanasema nyumba ya chini na nyumba ya juu. Uongo mtupu, nimefika na nimeona: ziko ghorofa moja, moja mkono huu wa kuba, nyingine mkono ule. Wale wengi wanachagua spika wao wenyewe. Wale wachache wanaongozwa na naibu wa gavana, ambaye hawakumchagua wao bali jimbo zima. Mswada lazima upite kote kuwili, tena kwa maneno yale yale, ndipo umfikie gavana, naye bado anaweza kuukataa.

Lakini penyewe ni kwenye kamati. Parfait, yule anayeendesha gari la kanisa, ambaye siasa anaijua kuliko barabara, alitueleza kwamba mswada hauuawi mbele za watu. Mwenyekiti wa kamati anaukalia tu kama kuku juu ya mayai mabovu, mpaka siku ziishe. Nikamwambia basi sisi wanawake wa Bukavu tungetawala hapa, maana kukalia mambo tunajua.

Na mswada wetu unasema hivi: muuguzi aliyesomea nchi nyingine, ambaye shule yake imeshindwa kutoa karatasi kwa sababu ya vita, afanye mtihani wa hapa bila kungoja karatasi hizo. Wewe unajua shule ya Rosette ilivyoungua pamoja na makabati yake yote. Miaka sita mikono iliyozalisha wanawake inafunga maboksi kwa gundi. Ukipita, atafanya mtihani, na ile kazi uliyomtafutia huko kwenu Houston, kwenye nyumba ya wazee, ni yake. Usipopita, maboksi.

Mwezi wa tatu tulikwenda Austin watu kumi na mmoja. Jioni kabla ya safari Rosette alikata boksi la sereali ya watoto, akachora visanduku vitatu. Cha juu, naunga mkono. Cha katikati, napinga. Cha chini, nina la kusema tu, sina upande. Maana nje ya chumba cha kamati kuna mashine kama simu kubwa zilizosimamishwa, na kila anayefika anaandikisha jina lake na upande wake, na kamati inapewa orodha. Alinipima kama mwalimu. Nikaonyesha sawasawa, mara tatu, nne, hata alipogeuza boksi kunitega. Akasema ningepelekwa shule ningekuwa profesa. Nililala nikitabasamu peke yangu.

Vyumba vya kamati viko chini ya ardhi, unashuka kama unaingia mgodini. Tulikaa saa tano tukisikiliza miswada ya nguruwe pori na leseni za vinyozi. Rosette alipoitwa alipewa dakika tatu. Alisimulia wale mapacha aliowazalisha kanisani Bunyakiri kwa mwanga wa simu, betri ikiwa inakwisha. Wa pili hajatoka, kengele ikalia. Mwenyekiti akamwambia asante. Nikataka kusimama niulize kama na mtoto naye aliambiwa asante, arudi ndani. Parfait akanishika gauni.

Baada ya wiki tatu kamati ikaupitisha, kwa tofauti ya kura moja tu. Mbunge mmoja aliyeupinga alisema, Parfait alimsikia kwenye matangazo, kwamba hata kati ya wakimbizi wenyewe yuko aliyekataa. Kisha nyumba ya wale wengi ikaupitisha. Sasa uko kwa wale thelathini na mmoja, kwenye kamati yao, na Jumanne wanasikiliza watu. Jumapili Parfait alisimama mbele ya kanisa akasema huko nako maneno yale yale yanatembea, kwamba yuko mmoja wa kwao aliyekataa. Akasema bila shaka ni mtu wa lile kanisa la Carrollton, wale wenye wivu. Watu wakaguna. Mama mmoja akasema aliyefanya hivyo hajui uchungu wa uzazi. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo, mimi nisiyejua kusoma, nikakisoma kweli kweli.

Rosette, sasa andika polepole. Usiniangalie, angalia karatasi.

Aliyepinga ni mimi, Clothilde.

Rosette alikuwa ndani anatushikia viti. Parfait aliniandikia jina, akanipisha, akageuka kumsaidia mwingine. Nikabaki na vile visanduku. Sikuchanganyikiwa na kile kioo. Nilikiona cha juu. Nikabonyeza cha katikati.

Mume wangu Mugisho yuko hapa Garland. Kila Jumapili baada ya ibada nakwenda kung'oa majani kwenye kaburi lake na kumweleza ya wiki. Wewe uliniambia nije Houston na Rosette na watoto, chumba kipo. Lakini baba yetu nilimwacha kule, mama nilimwacha, watoto wangu wawili niliwaacha kwenye udongo ambao hata sikupata muda wa kuusawazisha. Makaburi yangu yote nimeyakimbia. Hili moja ndilo sikulikimbia. Nikaona Rosette akipata karatasi atakwenda, na mimi nitachagua kati ya walio hai na aliyelala, na sikutaka kuchagua. Nikamchagulia yeye maboksi. Kisha nikaingia, nikakaa, nikamsikia anasimulia mapacha wale, na nimekuwa mgonjwa tangu saa ile.

Hapa kalamu imesimama, ndiyo maana unaona doa la wino. Rosette ameondoka, ameosha vikombe vilivyokuwa safi, vyote, hata vya kwenye kabati. Nimekaa. Amerudi. Ameniambia kwamba jina langu aliliona kwenye orodha jioni ile ile. Alidhani kioo kimenishinda kwa sababu sijui kusoma, akanyamaza nisiaibike. Parfait alipotaka kuitafuta orodha, yeye alimzuia, akamwambia hakuna faida. Miezi miwili, Clothilde, amebeba aibu yangu, na kumbe haikuwa ile aliyofikiri anaibeba. Ameuliza jambo moja: mbona kila alfajiri niliendelea kumfungia chakula cha kazini kwa upendo ule ule? Nimemjibu kwamba upendo ulikuwa wa kweli na kidole pia kilikuwa cha kweli. Ameshika kalamu.

Basi nakuomba hivi. Jumanne panda basi uje Austin, tukutane mlangoni asubuhi. Nataka uwe karibu nami, maana sitabonyeza kitu tena. Nitakaa kwenye kile kiti, nitasema kwa Kiswahili, anayetaka atafute mtafsiri, kwamba mimi Orpa ndiye yule mmoja wa kwao, na kwamba nilikataa kwa hofu ya kubaki peke yangu, si kwa ubaya wa mswada. Nikipewa dakika tatu, mbili zinanitosha. Jumapili nitalisema kanisani pia, Parfait akawaombe radhi watu wa Carrollton. Kuhusu kuhama, usiniulize bado. Ukipita, Rosette aende. Mimi nitazungumza na Mugisho.

Wasalimie wazee wako. Msalimie jirani yako yule anayekuletea sombe, mwambie apunguze chumvi. Zoé na Shalom wanakubusu. Rosette anakusalimu, hajasema, mimi ndiye nasema, lakini ameandika.

Nimemwambia atie jina langu hapa chini kama kawaida. Amekataa. Ameniletea kile kidau cha wino cha Zoé cha kugongea picha za vipepeo, cha buluu, akakifungua, akaniwekea karatasi mbele. Nimeweka kidole. Ni kile kile.

Dada yako,