Mbwa Anayemtafuta Mume Wangu Tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukinisema nitanyamaza, maana kosa ni langu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, kazi yangu ni uokoaji, na kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikimfundisha mbwa anayeitwa Soksi kutafuta watu waliofukiwa na majengo. Utii wake ni wa kupigiwa mfano, nikimwambia kaa anakaa, nikimwita anaacha hata mfupa. Sasa mafunzo yanahitaji mtu wa kujificha kwenye kifusi, na wenzangu kila nikiwaomba walikuwa na udhuru, huyu mgongo, yule vumbi, nikaona isiwe taabu, nikamchukua mume wangu ambaye ni fundi cherehani, nikawa namfunika kwa mbao na mabati, Soksi akimpata anabweka, mume wangu anamtolea mpira wanacheza, tukasifiwa na kikosi kizima. Wiki iliyopita mhasibu wetu akajitolea kujificha, mume wangu akabaki garini akinywa chai. Nikamwachia Soksi, akafika kwenye bati alilojifichia mhasibu, akanusa, akapita juu yake, akaenda moja kwa moja hadi garini akabweka mlangoni kwa furaha. Wote wakacheka, nami nikacheka. Mtihani wa kupewa kibali cha kwenda kwenye maafa ni baada ya wiki mbili, na mume wangu ananiambia, "Usihangaike, mke wangu. Siku hiyo nitaomba nijifiche mimi, nani atajua?" Mkuu wangu ameshanisifu kila mahali, nikisema ukweli nitaaibika, na naogopa watanichukulia mbwa wangu. Nifanye nini?

Mwenye Soksi

Mwenye Soksi, pole. Hao wenzako waliokwepa vumbi wana sehemu yao ya lawama, lakini mbwa hana kosa lolote. Amefanya ulichomfundisha, hakupunguza wala hakuongeza. Kwake yeye binadamu ni mmoja tu, yule mwenye mpira. Nyumba yenu ikianguka, fundi cherehani atapona. Sisi wengine je?

Mumeo anakupenda, ila ushauri wake ni wa hovyo, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia. Mkipata kibali kwa ujanja huo, siku moja Soksi atapita juu ya mtu aliye hai, nawe utawaambia waokoaji wenzako kwamba hapo hakuna mtu, wakuamini, wahamie kwingine. Aibu ya leo ni ndogo mno ukiilinganisha na hiyo.

Kesho asubuhi nenda kwa mkuu ukaseme mwenyewe, uombe mtihani usogezwe mbele. Mbwa mtiifu kiasi hicho hatupwi, anafundishwa upya. Mumeo arudi kwenye cherehani yake, asikanyage kifusi hata kwa kukuletea maji. Kila zoezi ajifiche mtu mpya, mzee, kijana, mnene, mwembamba, mvuta sigara, na mpira autoe huyo huyo. Wewe usiambiwe alipo, usije ukamwelekeza mbwa bila kukusudia.

Jambo moja la mwisho. Umeandika kwamba wote walicheka. Mhasibu alikuwa bado chini ya bati. Kabla hujaingia kwa mkuu, pita mezani kwake umuulize alijisikiaje aliposikia mbwa anampita.